Mshipa gani uliobanwa?

Dokta, asalaam alaykum.

Mimi ni mama wa miaka 54, nipo Wete, Pemba. Kazi yangu ni kushona kofia za viua kwa mkono, na ukifika msimu wa karafuu huchambua za kwetu na za watu. Naandika kwa sababu nyumba nzima hivi sasa inanitazama kama mgonjwa wa kuagwa.

Ilianza Ramadhani iliyopita. Niliamka kwa daku, nikageuka upande wa kulia nimwamshe binti yangu, mara dari ikaanza kuzunguka kama pia. Nikaushika mchago nikasoma kila ninachokijua. Nadhani haikufika hata dakika moja, ikatulia, nikabaki na kichefuchefu. Tangu siku ile hunijia nikigeuka kitandani kwa upande huohuo, nikitazama juu kuutungua ungo, na pengine nikiinuka kwenye sijda. Nikikaa kimya bila ya kutingisha kichwa sina neno.

Shingo nayo ni ugonjwa wangu wa zamani. Inakaza, inauma mpaka begani, na mwaka huu maumivu yameteremka mkono wa kulia hadi gumba na kidole cha shahada, na ganzi juu yake. Nilikwenda kliniki moja ya kulipia, nikapigwa eksirei. Nikaambiwa pingili za shingo zimelika, zimeota vijifupa, na mshipa umebanwa. Nikapewa kola ya shingo, diklofenaki, na sinarizini za kizunguzungu. Dawa zikimalizika hununua nyengine dukani. Kola huu mwezi wa nne, naivua kwa kuoga tu.

Wifi yangu, mtu wa kupokea habari nyingi kwenye simu, kasema mshipa ukibanwa shingoni damu haipandi kwenye ubongo, na mwisho wake ni kupooza. Anamjua mkandaji anayeialisha shingo mpaka ikalia, watu wakaondoka wazima. Mume wangu anataka twende Dar kwa operesheni, na yuko tayari kuikodisha mikarafuu yetu 12 kwa misimu miwili apate pesa. Mama anasema nikazinguliwe kwanza.

Presha ninayo, huu mwaka wa sita. Vidonge ninavyo, ila humeza siku kichwa kikiniuma, maana nikivimeza nahisi kizunguzungu kinazidi.

Nataka unijibu. Kweli damu haifiki kichwani? Niende kwa mkandaji au niende Dar? Na kofia ya mkwe wangu mtarajiwa, harusi Mfunguo Sita, nimefika nusu: niiache?

Mshona kofia, Wete


Waalaykum salaam, dada yangu.

Mikarafuu isikodishwe. Naanza na hilo nikiomba barua hii ikufikie kabla mume wako hajapeana mkono na mtu.

Watu huniita dokta kwa heshima tu. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mstaafu, na miaka yangu nimezishika shingo za wachuma karafuu, za wachukuzi na za washona kofia kama wewe. Kukupima kwa barua siwezi, kwa hiyo mengi nitakayosema ni ya kwenda nayo kwa daktari, umuulize.

La mwanzo la kumuuliza ni hili: mshipa gani? Kiswahili chetu kimelitwika neno hili mizigo mingi. Kinachopitisha damu tunakiita mshipa. Kinachopeleka hisia na amri baina ya ubongo na mwili, mshipa. Shingo ikikaza asubuhi tunasema mshipa umekaza, na mzee mwenye ngiri naye anaumwa mshipa. Yule aliyekusomea eksirei alisema kweli, nyinyi nyumbani mkasikia kweli, lakini naona kila mmoja alikuwa na mshipa wake.

Kwa dalili ulizoziandika, uliobanwa unaonekana ni mshipa wa fahamu. Pingili za shingo ni saba. Baina yake zimo diski laini, na ubavuni, kila upande, hutoka mshipa wa fahamu kwenda begani na mkononi. Diski ikikauka kwa umri, pingili husogeleana, na mfupa nao huota vijifupa pembeni. Mshipa unaotokea baina ya pingili ya tano na ya sita ukisongwa, mtu huumwa na kufa ganzi mpaka kwenye gumba na kidole cha shahada. Hiyo ndiyo barua yako, herufi kwa herufi. Yanaudhi maumivu hayo, yanakosesha usingizi, lakini kwa watu wengi hupoa baada ya wiki kadhaa au miezi, bila ya kisu.

Tena eksirei ya kawaida haioneshi mshipa wowote, wa damu wala wa fahamu. Inaonesha mfupa. Wachukue wazee wa miaka sitini na kitu wanaocheza bao barazani, hawaumwi hata ukucha, uwapige picha ya shingo: wengi wao utawakuta na pingili zilizolika. Ni mvi za mifupa.

Lakini wifi yako hakuzua. Ipo kweli mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo kwa kupita ndani ya mifupa ya shingo. Pingili zina vitundu ubavuni, na mshipa, kwa kawaida, huingia kwenye ya sita ukapanda tundu kwa tundu hadi ya kwanza, mfano wa uzi wa tasbihi, kisha ukazama fuvuni. Huko hiyo miwili huungana ikawa mmoja, ukalisha sehemu ya nyuma ya ubongo, panapoongozwa mizani ya mwili, macho, kumeza na pumzi. Kijifupa kikubwa kinaweza kuubana mtu anapogeuza shingo. Maradhi hayo yapo, na ni adimu. Ni adimu kwa sababu Mola hakuuachia ubongo kisima kimoja. Mbele ya shingo, hapo kando ya koromeo unapogusa ukasikia mdundo, ipo mingine miwili iliyo mikubwa zaidi, nayo hupeleka kiasi cha sehemu nne kati ya tano za damu ya ubongo. Yote minne hukutana kwenye duara chini ya ubongo, na mmoja ukipungukiwa wenziwe humchangia. Hata kijana wa mpira akigeuza shingo mpaka mwisho, damu ya upande mmoja hupungua mwendo, wala yeye hana habari.

Kwa watu wa umri wetu, mshipa wa damu wa ubongo mara nyingi zaidi huharibika kwa ndani. Ukuta wake huwa mgumu, mafuta hushika, njia ikawa nyembamba. Wanaoufanya hivyo ni presha, sukari na tumbaku, na ile ya kwenye tambuu usiitoe hesabuni. Kwa hiyo, dada, eksirei yako haikunitisha. Kilichonitisha ni ule mstari ulioupita mbio: vidonge vya presha humeza kichwa kikiuma.

Presha haina desturi ya kuuma. Inaweza kuwa 180 nawe unachambua karafuu unacheka. Kidonge chake si panadoli, hakingoji maumivu. Hufanya kazi kwa kumezwa kila siku. Ukimeza leo ukaacha siku nne, mwili haujui ushike lipi, na huenda hicho kizunguzungu unachokilaumu kinatoka kwenye huko kupanda na kushuka. Huenda pia dozi ni kubwa kwako, au ni aina isiyokufaa, na aina ziko nyingi, hubadilishwa. Kisha iko diklofenaki. Unaimeza miezi minne, nayo hupandisha presha, huchubua tumbo na huchosha figo. Mkono mmoja unachota maji, mwengine unatoboa ndoo. Sinarizini nayo ni dawa ya muda mfupi. Ikimezwa miezi, khasa na mtu mzima, inaweza kuukakamaza mwili na kuitetemesha mikono. Mshona kofia mwenye mkono unaotetemeka atakula nini?

Basi wiki hii nenda hospitali hapo Wete, na uchukue paketi zote za dawa, hata za dukani, uzimwage mezani kwa daktari. Omba upimwe presha ukiwa umelala dakika tano, kisha ukisimama dakika moja, kisha dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, basi kusimama kunakushusha presha na dozi itazamwe upya. Omba na kipimo cha sukari na cha wingi wa damu. Usijipunguzie wala usijiongezee kidonge mwenyewe kabla ya hapo. Na ng'onda upumzishe jikoni. Najua namwambia nani, Mpemba aache ng'onda! Lakini chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na kipande kimoja cha papa mkavu kinaweza kuimaliza peke yake.

Sasa kizunguzungu chenyewe. Umekieleza vizuri kuliko wagonjwa wengi niliowahi kukaa nao. Chako kinanuka sikio.

Ndani ya sikio, mbali nyuma ya ngoma, kuna vijifereji vitatu vya maji vinavyouarifu ubongo kichwa kimeelekea wapi. Jirani yake zimekaa punje ndogo mno za chokaa. Kwa umri, au kwa kujigonga kichwa, punje hubanduka zikaingia mferejini. Ukigeuka zinabingirika, maji yanasukumika, na ubongo unaambiwa unazunguka hali wewe umelala. Zikitua, basi. Ndiyo maana hakifiki dakika, kina upande wake kinachoupenda, huja ukitazama juu au ukilala, na ukikaa kimya huna neno. Ingekuwa ni mshipa wa damu unaobanwa na shingo, kingeendelea kwa muda wote unaoishikilia shingo pale ulipoigeuza, hata mwili ukiwa umekaa wima. Na hilo unalifanya kila siku: ukitoa salamu mwisho wa sala, uso kulia, uso kushoto, mwili umetulia. Umenitajia sijda, hukunitajia salamu. Mwambie daktari hivyohivyo. Si ithibati, lakini akili yake itajua pa kuanzia.

Kikithibiti kuwa ni hicho, tiba yake ni ya kulazwa na kugeuzwa. Mwaka 1992 daktari wa Marekani, John Epley, alichapisha namna ya kumlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa kwa mpango mpaka punje zirudi zilikotoka. Ni dakika chache, na wengi hupona kwa mara moja au mbili. Kwako kuna tahadhari moja: njia hiyo huilaza shingo kinyumenyume, na yako ni mbovu. Mwambie mapema atakayekufanyia. Ipo njia ya kulala ubavu, na hiyo, ukishaoneshwa, unaweza kuiendeleza nyumbani. Unakaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, binti yako akiwapo. Unageuza uso nusu upande wa kushoto, kisha unalala kwa ubavu wa kulia. Kizunguzungu kitakuja, kiache kije. Kikitulia unangoja nusu dakika, unainuka unakaa nusu dakika, kisha unageuza uso nusu kulia na kulala ubavu wa kushoto. Mara tano kila upande, asubuhi na jioni, kwa wiki mbili. Siku za mwanzo utanilaani.

Kwa huyo mkandaji anayealisha shingo, usiende. Hapa sina upole. Shingo ikizungushwa kwa ghafla, ukuta wa ndani wa ile mishipa ya tasbihi unaweza kuchanika, damu ikaganda penye mchaniko, bonge likasafiri hadi kwenye ubongo. Hapo ndipo kinapopatikana kiharusi kilekile anachokikimbia wifi yako. Halitokei kwa wengi, lakini likitokea halirudishiki. Vinyozi wetu wanaomaliza kunyoa kwa kumvunja mtu shingo nao ni wa kukatazwa. Na kwa kuwa harusi iko njiani na saluni zitakuita: mwaka 1993 daktari mwengine wa Marekani, Michael Weintraub, aliandika habari za wanawake watano waliopatwa na dalili za kiharusi baada ya kuoshwa nywele shingo ikiwa imelazwa nyuma kwenye beseni. Wewe oshwa ukiwa umeinama mbele, au jioshee nyumbani.

Kukandwa mabega taratibu kwa mafuta ya nazi sina ugomvi nako. Ukitaka ya karafuu, tia matone machache tu ndani ya nazi, maana yale ya makonyo, vikonyo vya karafuu, yanayotoka kiwandani Wawi, matupu, huunguza ngozi. Na mama yako msikilize. Asome, akupulizie, na wewe uwe umeshameza kidonge chako cha asubuhi.

Yapo mambo ambayo yakitokea hungoji kisomo wala kupambazuka. Uso kwenda upande, mkono au mguu kuishiwa nguvu, maneno kuvurugika. Kuona vitu viwili-viwili, kushindwa kumeza, kushindwa kusimama bila ya kushikwa. Maumivu makali ya shingo au kisogo ambayo hujapata kuyaona, yakifuatana na kizunguzungu. Gari itafutwe wakati huohuo, na atakayesema ni upepo mbaya upungwe kwanza, aachwe nyumbani.

Kuna na ya polepole, ambayo watu huyaita uzee. Mkono kupotea ustadi: sindano inaanguka, vifungo havifungiki, uzi hautungiki na hali macho yanaona. Miguu kuwa mizito, mwendo wa kupepesuka. Kama umeme kukushuka mgongoni unapoinama kurukuu. Mkojo kukushinda. Hayo ni uti wa mgongo wenyewe kusongwa pale shingoni, na hayo ndiyo ya kuzungumzia operesheni. Hata yakija, safari ya kwanza si Dar. Pale Mnazi Mmoja, Unguja, kuna kituo cha NED cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, tangu 2014. Na daktari akiwa bado ana shaka na mishipa ya damu, atakuandikia ultrasaundi ya mishipa ya shingo au picha ya CT yenye dawa ya kuing'arisha. Ndipo mtu hujua kama kuna kilichobanwa, si kwa eksirei.

Kola ivue. Lakini si kwa siku moja. Punguza saa mbili kila siku, mpaka ibaki ya safari za gari kwenye barabara mbovu, kisha uiweke kabatini. Miezi minne imeifanya misuli ya shingo yako mivivu, na shingo isiyo na misuli huutupia mfupa mzigo wote. Kichwa cha mtu ni kilo nne hadi tano, na kila ukiinama juu ya kofia, misuli ya kisogo ndiyo inayokizuia kisidondoke. Zoezi lako la kuanzia ni kurudisha kidevu nyuma, bila ya kuinama wala kutazama juu, kama mtu aliyesogezewa samaki aliyevunda. Shikilia hesabu ya tano, achia, mara kumi, kutwa mara tatu. Lingine: kiganja kwenye shavu, kichwa kinasukuma kiganja, kiganja kinazuia, hakuna kinachosogea. Maumivu yakizidi kuteremka mkononi, acha. Yakipanda kurudi begani, hata kama bega linauma zaidi, hiyo ni habari njema, endelea.

Mto wa sufi ulioshindiliwa miaka kumi ukawa mabonge, ufumue. Ukilala ubavu, mto ujaze nafasi baina ya sikio na bega, usizidi. Ndoo ya maji isipande kichwani tena. Lita ishirini ni kilo ishirini juu ya pingili zilezile. Kuchambua karafuu chini kwenye jamvi, rundo likiwa miguuni, ndiko kunakokumaliza msimu mzima. Tia kiasi kwenye sinia, sinia juu ya meza, wewe kitini. Najua utamu wa kuchambua ni kukaa duara na wenzio mkipiga soga. Waambie nao wapande vitini. Mkarafuu wenyewe usiupande wala usisimame chini yake kutazama juu mpaka kizunguzungu kiishe. Sijda ikikusumbua siku hizi, mwalimu wako wa chuo atakueleza ruhusa ya mgonjwa kusali amekaa.

Kofia usiiache. Weka mito miwili juu ya mapaja, viwiko vitulie juu yake, kofia ipande mpaka usawa wa kifua, na taa iwe karibu usije ukaifuata kwa pua. Tega simu ikuite kila dakika ishirini, uinuke, utembee hadi uani, uchungulie chungu, urudi. Binti akutungie nyuzi kwenye sindano kumi kwa mpigo, achomeke mtoni. Bwana harusi akiona kiua kimoja kimekwenda upande, mwambie hicho ni cha dokta.